Miguu ya Saturno

Siku tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, Settimio Bracaglia alimkata mungu miguu.

Hakumkata kwa hasira. Alitumia msumeno wa meno madogo, ule wa kukatia vidole vya sanamu za watakatifu, na kabla ya kuanza alitandika gazeti sakafuni ili unga wa mbao usije ukamsaliti. Alikata pale ambapo pindo la joho lingeficha mshono. Halafu akapachika miguu mipya aliyoichonga kwa wiki tatu, akaipaka kahawa na nta mpaka ikafanana na mbao ya miaka ishirini. Hata ufa wa kidole gumba cha kushoto aliuweka. Hata tone la mshumaa, la mwaka ule umeme ulipokatika katikati ya karamu, alilidondosha mahali pake. Mzee alikuwa fundi, hilo hakuna wa kumnyima. Miaka arobaini alizunguka makanisa ya Roma akiwarudishia watakatifu pua na magoti, na mapadri walipita mbele ya kazi yake bila kujua wapi fundi wa kale aliishia na wapi Settimio alianzia.

Miguu ya zamani aliiviringisha kwenye aproni, akafunga mlango, akavuka ua mpaka nyumbani kwake, ghorofa ya pili. Akaiweka juu ya kabati la nguo, kando ya miwani ya marehemu mkewe. Akakaa kitandani kuitazama. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa kijana aliyeiba matunda, na yeye alikuwa na miaka sabini na minne.

Alichokuwa akikitaka si miguu. Miguu angeweza kuchonga mingine mia. Alitaka lile fundo la sufu lililokuwa juu yake.

Warumi wa kale walikuwa na desturi ya kumfunga Saturno miguu kwa sufu mwaka mzima, wakamfungua Desemba tu, siku ya sikukuu yake. Akishafunguliwa, dunia ilipinduka kidogo: bwana alimwandalia mtumwa meza, na mtumwa alisema lililomkaa rohoni bila kuogopa fimbo. Ndivyo wanavyofanya mpaka leo watu wa chama cha Garbatella, mtaa mmoja wa Roma, kila tarehe kumi na saba, katika chumba cha zamani cha kufulia nguo chini ya majengo yao. Wenye nyumba, wenye maduka na wenye vyeo hufunga aproni na kuhudumu. Mezani huketi wanaohudumu mwaka mzima: mlinda mlango, mfagizi wa soko, mhudumu wa baa, wanawake wanaolea wazee wa watu. Padri wa mtaa hunung'unika kila mwaka juu ya upagani huo, na kila mwaka huja kula.

Kumfunga Saturno ilikuwa kazi ya Nunziata, mke wa Settimio. Kila mwisho wa karamu alipiga magoti, akaizungushia miguu sufu nyeupe, akamaliza kwa fundo lake, kisha akanyanyuka akisema goti lake nalo lingehitaji fundi. Mwaka uliopita alifunga huku akikohoa. Machi akalala. Oktoba akazikwa.

Na desturi ni kwamba sufu ikishafunguliwa hukatwa vipande, kila aliyekuja hufungwa kipande mkononi, akaenda nacho kwake. Settimio alikuwa amelala macho usiku mwingi akiifikiria saa hiyo. Nguo za Nunziata zilikuwa zimeshagawiwa. Sauti yake kwenye simu ilikuwa imeshafutika. Fundo lile ndilo jambo la mwisho ambalo mikono yake ililifanya likabaki kama alivyoliacha, na sasa watu arobaini walikuwa wanakuja kulifungua kwa makofi na divai. Angeweza kuomba aachiwe. Lakini mtu wa namna ile haombi. Na Saturno asipofunguliwa hakuna sikukuu, wangemjibu, tena wangemjibu kwa upole, na upole ndio asioutaka.

Basi akaiba. Miguu mipya akaizungushia sufu aliyoinunua sokoni na kuichafua kwa majivu, akafunga fundo la kwake.

*

Tarehe kumi na saba kulikuwa na jua la baridi, lile linaloonekana tu bila kumpasha mtu. Saa sita mchana chumba cha kufulia kilikuwa kimejaa. Mwalimu Ersilia, aliyefundisha Kilatini mpaka akastaafu na sasa ni mwenyekiti wa chama, alikuwa amefunga aproni juu ya koti, akigawa sahani. Ottorino mwenye bucha alikuwa akikata nguruwe wa kuchoma. Kwenye meza ndefu walioalikwa walivaa kofia zenye ncha, kofia walizovaa zamani watumwa walioachiwa huru, na tayari ndimi zilikuwa zimefunguka.

"Wewe Ottorino," mfagizi wa soko akaita, mwanamke mnene jina lake Palmira, "mwaka mzima unanipa mifupa unaniambia nyama. Leo nikatie pale penye nyama, nikuone."

"Ndiyo, bibi yangu."

"Na tabasamu!"

"Hilo halimo kwenye desturi."

"Leo limo."

Watu wakacheka. Settimio hakucheka. Alisimama nyuma na jagi la divai, akitazama pindo la joho la Saturno na mshono wake. Haukuonekana. Hata yeye ilimbidi autafute.

Mwalimu Ersilia akagonga glasi kwa kijiko. "Mwaka huu hatuna Nunziata," akasema. "Nimefikiri nani afungue. Naona afungue Mihaela. Mikono iliyomuuguza Nunziata ndiyo imfungue Saturno."

Wakapiga meza kwa viganja, wakapaza ukelele wa kale wa sikukuu ya Saturno. "Io Saturnalia!"

Mihaela akainuka. Alikuwa Mromania wa makamo, mwenye mabega mapana na maneno machache. Miezi saba alimlea Nunziata, akamgeuza, akamwosha, akamsomea majina ya mitaa aliyotaka kuyasikia. Sasa alikuwa akimlea bibi mmoja wa ghorofa ya juu. Alipiga magoti mbele ya sanamu bila haraka, akashika ncha fupi ya uzi kama mtu anayejua anachokifanya, akaivuta.

Fundo halikucheza. Akavuta tena, likakaza zaidi.

Lilikuwa fundo la Settimio, lile la kupandishia sanamu kwa kamba mpaka juu ya altare. Kadiri linavyovutwa ndivyo linavyouma. Mihaela akainamisha kichwa, akaliangalia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Kisha akageuka taratibu, macho yake yakapita kwa Mwalimu, yakapita kwa Ottorino, yakatua kwa Settimio. Siri ya mtungi muulize kata. Settimio akatazama ndani ya jagi.

"Nilete kisu?" Ottorino akauliza.

"Kisu, Ottorino? Huyu ni mungu, si paja la nguruwe," Palmira akasema.

Mihaela akalifungua kwa meno. Sufu ikaanza kulegea, akaizungusha mkononi mwake mzunguko baada ya mzunguko, na watu wakasogeza shingo mbele. Hapo tu, akiona shingo zile zikisogea, Settimio akakumbuka haragwe.

Haragwe halimo katika vitabu vya Mwalimu. Lilitoka kichwani mwa Nunziata. Kila mwaka alichukua haragwe moja kavu la mwaka huo, akalificha ndani ya sufu, likalala miguuni pa Saturno hadi Desemba nyingine. Siku ya kufungua lilidondoka, likachomekwa katika mkate mmoja kati ya mikate midogo iliyookwa, na atakayelikuta ndiye mfalme wa siku hiyo, amri yake haipingwi. Settimio aliliona likidondoka miaka kumi na minane. Lakini alikuwa mtu wa nje ya vitu: ufa, rangi, tone la mshumaa. Kilichokuwa ndani hakukifikiria hata mara moja.

Mzunguko wa mwisho ukatoka. Miguu ikabaki mitupu. Hakikudondoka kitu.

Palmira akachungulia chini ya meza. Mwalimu Ersilia akaikung'uta sufu, akaipapasa.

"Halimo," akasema.

"Haragwe ni haragwe," Ottorino akasema. "Jikoni liko sufuria zima. Chukua moja tuendelee, nyama inapoa."

Ingeishia hapo. Settimio alishaanza kushusha pumzi. Lakini watu hawajui kuacha jambo lipite bila kulipatia sababu, na sababu ikaanza kutafutwa hapohapo, kwa sauti za huruma.

"Maskini Nunziata. Alisahau."

"Kikohozi kilikuwa kimeshamshika, mwajua."

"Nunziata asahau? Alikuwa anajua hata siku ya kuzaliwa ya paka wangu."

"Ugonjwa, mwenzangu. Huanza na akili ndipo uje kwenye mwili. Na hata fundo mliliona? Si fundo lake kabisa. Mkono ulishamwacha."

Mwalimu Ersilia akatikisa kichwa kwa majonzi. "Na sisi hatukuona," akasema. "Tulikaa naye meza moja na hatukuona."

Settimio alisikia uso ukimchoma. Nunziata hakuwahi kusahau kitu maishani mwake. Kwenye kitanda cha mwisho, sauti ikiwa imebaki nyuzi mbili, alimkumbusha alipe maji na alitoe sweta la kijani kabatini kabla nondo hawajalifikia. Hilo ndilo alilojivunia, pengine ndilo pekee. Na sasa, mbele ya watu arobaini, walikuwa wakimvua sifa hiyo, na aliyewapa nafasi ni yeye mumewe.

Alienda kumimina divai kwa sababu hakujua afanye nini na mikono. Desturi ilimpangia amhudumie Mihaela. Akainama, akamimina.

"Leo mimi ndiye bibi?" Mihaela akamwuliza polepole.

"Ndiyo."

"Na wewe unanijibu nikikuuliza?"

"Ndiyo."

"Yule mama alisahau, mzee?"

Hakumkodolea macho, hakumtisha. Aliuliza tu, akachukua glasi yake, akangoja.

Settimio akaweka jagi mezani.

"Hakusahau," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu mpaka wa mwisho wa meza wakageuka. "Nunziata hakusahau! Fundo mlilofungua ni langu. Hiyo siyo miguu ya Saturno. Ya Saturno niliikata, iko kwangu juu ya kabati."

Kikapita kicheko, maana siku hiyo watu husema lolote. Kisha Ottorino akapiga magoti, akainua pindo la joho, akapitisha ukucha. Akauona mshono. Akanyanyuka, na kicheko kikafa.

"Umemkata miguu?" Mwalimu Ersilia akasema. "Settimio. Kwa nini?"

"Mlikuwa mnataka kulifungua."

Wengine waliangalia sahani zao. Padri, aliyekuwa ameshika kipande cha nguruwe, alikirudisha sahanini. Nafikiri kila mtu pale alikuwa na kitu chake nyumbani, koti, kikombe, mwandiko kwenye orodha ya sokoni, ambacho angekikatia miguu ya miungu wote wa Roma.

"Leo hakuna wa kukuadhibu," Mwalimu akasema mwishowe. "Ndiyo sheria ya siku. Lakini nenda ukalete."

*

Akavuka ua. Ngazi za ghorofa mbili zilimchosha kama za kumi. Chumbani, miguu ilikuwa palepale kando ya miwani, na jua la dirishani liliipiga sufu ikaonekana ya manjano kidogo, rangi ya meno ya mtu mzima.

Akabonyeza kwa kidole gumba, kati ya visigino. Kweli lilikuwamo. Dogo, gumu. Miezi miwili alikuwa akilitazama fundo hili na hakukumbuka kwamba chini yake mkewe ameweka kitu.

Akafikiri: naweza kulitoa bila kufungua. Alikuwa na patasi nyembamba kuliko msumari, angeipenyeza, haragwe lingeteleza likatoka, fundo likabaki. Alishatoa risasi kwenye kifua cha mtakatifu mmoja bila kugusa rangi. Akaitoa patasi kwenye droo. Akaiweka ncha kwenye sufu.

Akasikia kutoka uani chini Palmira akiuliza, "Anakuja?" na mtu akamjibu, "Mwache. Usimwite." Watu arobaini walikuwa wamekaa mbele ya nyama iliyopoa, na hakuna aliyekula, kwa sababu bila haragwe la Nunziata hawakutaka kuanza. Haragwe la jikoni hakuna aliyelitaja tena.

Akarudisha patasi.

Aliporudi walimpisha njia. Akaiweka miguu juu ya meza, kati ya mikate na dengu, akamsogezea Mihaela.

"Fungua wewe, mzee," Mihaela akasema.

"Siwezi."

"Ile ncha fupi. Ivute."

Akaishika ncha fupi. Alijiandaa kwa fundo la mwaka mzima, lililokazwa na vumbi na baridi. Alikaza taya, alikaza bega. Akavuta kidogo tu, kujaribu.

Likafunguka lote. Halikumpinga hata kidogo. Sufu ikamwagika mezani, na haragwe likaanguka kwenye kiganja chake, jeupe, lenye doa jekundu jichoni.

Settimio akalia. Hakuwa amelia makaburini, na watu walimsema kwa hilo. Sasa alilia mbele yao wote, amesimama na aproni yake, mdomo wazi, na Ottorino akamshika mabega kwa mikono yake yenye mafuta, naye akamwacha amshike. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Sufu ikakatwa. Palmira, mlinda mlango, mhudumu wa baa, padri, kila mmoja akanyoosha mkono akafungwa kipande. Haragwe lilichomekwa kwenye mkate, na aliyelikuta ni mlinda mlango, mtu wa miaka sitini asiyewahi kumwamuru mtu yeyote zaidi ya kusema funga lango. Alipandishwa juu ya kiti akavikwa taji la majani. Alifikiri sana. Kisha akaamuru Mwalimu Ersilia aoshe vyombo vyote, Ottorino aimbe, na kila mtu aseme jambo moja ambalo Nunziata alimkumbusha. Lile la tatu lilichukua saa nzima. Settimio alisikia mambo ya mkewe ambayo hakuwahi kuyajua: mwanamke wa baa aliyekumbushwa kumpigia mamake simu kila Jumapili, Palmira aliyekumbushwa kwamba ana sauti nzuri.

Saa kumi jua lilishuka nyuma ya majengo. Ilibaki kumfunga Saturno tena.

"Avae ipi?" Ottorino akauliza. "Ya zamani au mipya?"

"Mipya ibaki," Mwalimu Ersilia akasema. "Imeshafanya kazi. Ya zamani Settimio akae nayo."

Akaipokea. Ilikuwa mitupu sasa, mbao tu, na aliiona ni myepesi.

Mihaela alikuwa ameshapiga magoti na sufu mpya. Aliweka haragwe la mwaka huu kati ya visigino, akazungusha. Settimio akapiga magoti kando yake, akashikilia vidole vya mbao visiteleze. Aliitazama ile mizunguko: kubana hapa, kuachia pale. Ndivyo hasa. Nunziata alikuwa ameketi mle ndani ya mikono ya mgeni.

"Nani alikufundisha?"

"Yeye. Agosti. Tulitumia mshipi wa gauni lake la kulalia."

"Hakuniambia."

"Hapana."

Mihaela alifika mwisho. Ncha mbili zilibaki. Settimio akaona uzi unavyolegea, akaona mwaka mzima mbele yake, mapanya, watoto, mtikisiko wa magari, na mikono yake ikasogea yenyewe ikazishika.

"Nipe nikaze," akasema. "Halitakaa hivyo."

Mihaela hakuachia, wala hakuvuta.

"Alisema utasema hivyo."

"Nani?"

"Mama. Alisema: Settimio atataka kukaza. Mnyang'anye uzi."

Ottorino alikuwa ameacha kukusanya viti. Settimio alibaki amepiga magoti, ncha mbili za sufu zikiwa kati ya vidole vyake vikubwa vya fundi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alimsikia mkewe vizuri, na sauti ile haikuwa ya kuugua.

Akampa Mihaela uzi.